Waya wa Kwenda Chumba cha Muziki

Dada yangu alinipa habari za rovu lake kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. Yeye yuko ng'ambo, kwenye baridi, anahudumia wazee wa watu. Mimi niko hapa Ifakara. Siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba changu cha muziki, simu nimeinyanyua juu natafuta mtandao, shingo imenikakamaa. Akasema, "Wanataka kunipasua shingo, mdogo wangu. Daktari anasema hili vimbe limekaa karibu mno na mishipa ya sauti. Kwa hiyo nikiamka naweza..." Simu ikakata.

Unaweza nini? Nikapiga, haikupatikana. Nikapiga tena, nikapata mlio wa kitu kinachochemka. Nilipompata hatimaye, alikuwa ameshahamia kwenye bei ya nyanya za huko kwao.

"Dada, ukiamka unaweza nini?"

"Si nimeshakueleza? Naweza kuamka sina sauti. Au nina sauti nyingine. Nimekueleza vizuri kabisa, na mifano nimekupa."

Mifano yote aliipa hewa.

Lazima niieleze hiyo sauti, la sivyo mtashangaa kwa nini mwanamke mwenye akili zake aligombana na mume, fundi na panya, na akanusurika kugombana na mama mkwe, kwa ajili ya waya. Sisi tumezaliwa wawili tu. Mungu alipogawa, dada akampa sauti, mimi akanipa kusoma nota. Dada akiimba kanisani, hata wale wanaume wanaosimama nje kwenye kivuli wakijifanya wanasali, walikuwa wanaingia ndani. Mimi nikiimba, watu waliuliza kama dada anaumwa. Basi nikajifunza kinanda, nikawa mwalimu wa kwaya, nikaimba sauti ya pili maisha yangu yote, na sikuona wivu. Sawa, niliona kidogo. Lakini ile sauti ilikuwa yetu sote, ndiyo iliyotulea baada ya mama kufariki. Na sasa mtu na kisu chake alitaka kuingia humo shingoni.

Tukakubaliana: kabla ya upasuaji, tutaimba pamoja, yeye kule, mimi huku, nirekodi. Najua mtakachosema. Si ajirekodi mwenyewe kwa simu yake? Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema yeye hajawahi kuimba peke yake tangu azaliwe na hawezi kuanza leo, kuuimbia ukuta, kama kichaa. "Nitangulizie kinanda, niimbe. Ukishindwa, basi nife na sauti yangu." Dada yangu ana adabu sana katika kuomba msaada.

Sasa, chumba changu cha muziki. Neno zuri, eh? Ni banda la kuku lililopandishwa cheo. Liko mwisho wa uwanja, kuta za tofali za kuchoma, mlango mmoja, dirisha moja. Ndani kuna kinanda changu, maikrofoni niliyoletewa zawadi na dada, na kompyuta. Mtandao nao unaingilia sebuleni, kwa sababu mume wangu, bwana shamba mstaafu, aliamua rauta ikae karibu na televisheni ili mpira usikwame. Waifai inatoka sebuleni vizuri, inavuka kibaraza, inakata uwanja, ikifika kwenye zile tofali inageuza. Ukitaka kuongea na mtu ukiwa chumba cha muziki, lazima utoke kwenye chumba cha muziki.

Nikamwita fundi. Huyu bwana alianza na redio za mkulima enzi hizo, sasa kibao chake kinasema anashughulikia mtandao, kamera, ving'amuzi, pasi na viti vya saluni. Ni mtu wa rika langu, mcheshi, na ana kasoro moja tu: ukimpigia wakati wowote yuko Mkula. "Nipo hapa Mkula, mwalimu, nakuja." Asubuhi yuko Mkula, jioni yuko Mkula. Kwa jinsi anavyoishi Mkula, nilidhani amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji.

Alipokuja, alikuja na kidude cha kuongeza mtandao. Unakichomeka ukutani, kinapokea mtandao, kinausukuma mbele. Kikachomekwa. Kikawaka taa tatu nzuri sana. Mtandao haukuongezeka hata chembe, lakini chumba kilipata mwanga.

"Hapa dawa ni waya," akasema fundi, kwa uso wa mtu aliyekuwa analijua hilo tangu mwanzo.

"Na hicho kidude?"

"Hicho tumejaribu tu, mwalimu."

Basi akavuta waya. Akautoa dirisha la sebuleni, akaupitisha juu kwa juu, akaufunga kwenye mpera ulio katikati ya uwanja, akaushusha hadi kwenye kompyuta yangu. Mchana huo huo nikampigia dada kwa picha, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikamwona mzima. Siku zote nilikuwa namwona vipande vipande: pua imesimama hapa, mdomo umebaki kule, maneno yanakuja yamechanganyikana kama mchele na mawe. Sasa alikuwa pale, anatikisa kichwa, ananywa chai. Na shingo nikaiona. Vimbe lenyewe lilikuwa limejaa hadi chini ya sikio. Sikuwa nimejua kama limefika huko.

"Usiniangalie shingo," akasema. "Niangalie usoni. Shingo nitaitoa hivi karibuni."

Nikacheka ili nisilie. Tukapanga kuimba Jumapili.

Kesho yake asubuhi naamka, kwenye waya kuna blanketi. Blanketi la maji, zito, linadondosha. Pembeni yake khanga mbili na shuka. Na chini yake amesimama mama mkwe wangu, ameshika vibanio mdomoni, amefurahi.

Mama mkwe alikuja kutoka Malinyi kututembelea wakati wa mvua, na mvua zikaisha, naye akatuonea huruma akabaki. Ni mama mwema. Anafua kila siku, hata visivyovaliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kamba mliyotufungia, Mungu awabariki. Haina kutu. Ile ya zamani ilinichafulia mashuka yote."

Sasa ninyi wenye ujasiri, niambieni mngejibu nini. Mama mzaa mume amekushukuru kwa kamba. Amekubariki. Utamwambia, mama, hiyo si kamba, hiyo ni dada yangu? Nikasema, "Amina, mama." Nikaenda kumtafuta mume wangu.

"Mwambie mama yako."

"Mimi nimwambie mama yangu asianike nguo? Kwenye nyumba yangu?"

"Mwambie ni waya wa mtandao."

"Ataona anafukuzwa," akasema, akarudi kwenye gazeti lake la mwaka juzi.

Tukatumia akili. Tukanunua kamba mpya ya kuanikia, nzuri, ya kijani, tukaifunga sambamba na waya, na mimi mwenyewe nikaanika pale leso zangu kwa madaha ili mama aone mfano. Akaona. Akafurahi mno. Kuanzia siku hiyo nguo nyepesi alianika kwenye kamba, na mablanketi kwenye waya, maana, alivyoniambia, waya ndio imara. Jumapili ilipofika, waya ulikuwa umelegea hadi usawa wa kifua na ndani umekatika. Dada alinisubiri huko, mimi nimekaa mbele ya kompyuta inayoniambia hakuna mtandao, nje blanketi linapungwa na upepo.

"Nipo hapa Mkula," akasema fundi.

Safari hii tuliufukia. Mtaro ukachimbwa kutoka sebuleni hadi banda, likalazwa bomba la plastiki, waya ukapita ndani. Mama mkwe aliusikitikia waya wake sana, akauliza kwa nini kamba nzuri namna ile imezikwa. Nikasema, "Imechoka, mama." Mtandao ukarudi. Dada akawa na zamu kazini, tukaahirisha wiki moja. Nikajiona nimeshamaliza.

Lakini nilisahau kalenda ya hapa kwetu. Mavuno yakishaanza, Ifakara nzima chumba kisichokaliwa na mtu ni ghala. Hatuna mjadala. Watu wanalala na magunia, wanapokea wageni juu ya magunia, nimewahi kwenda msibani nikakalishwa juu ya gunia na kuambiwa nisiegemee. Na kila gunia linasubiri jambo moja: bei ipande. Hapa kwetu mtu hahamishi mpunga, haozeshi binti, hatengenezi paa, mpaka bei ipande.

Nilitoka mazoezi ya kwaya siku hiyo, nafungua chumba changu cha muziki, nakutana uso kwa uso na mpunga. Umepangwa hadi juu. Kinanda changu kimesimamishwa wima kwenye kona, kimefungwa turubai. Maikrofoni imening'inizwa kwenye msumari pamoja na ungo.

"Ni kwa muda tu," akasema mume wangu nyuma yangu.

"Muda gani?"

"Mpaka bei ipande."

Nilijipenyeza, nikakishusha kinanda, nikajipatia nafasi ya kukaa mtu mmoja aliyekonda. Nikajiambia waya upo chini, haudhuriki, na magunia hayaimbi. Nilisahau kwamba palipo na mpunga pana panya, na panya wa Ifakara hawachagui chakula. Walikula mpunga wa mume wangu, na walipotaka kubadilisha ladha wakala waya wangu, pale unapotoka kwenye bomba kuelekea kwenye kompyuta. Tena kwa ustaarabu, kama kawaida ya panya, wanauma na kupuliza: waya ulionekana mzima, umetulia, kumbe upande wa chini wameutafuna hadi shaba.

Nililigundua siku ile ile dada aliponiandikia ujumbe. "Nafasi imepatikana mapema. Wananipasua wiki ijayo. Jumapili hii tuimbe au tusahau."

Nilisoma nikiwa nimepiga magoti kati ya magunia, ncha ya waya uliotafunwa mkononi. Hasira zilinipanda hadi nikasikia masikio yanapiga kelele. Nikatoka uwanjani na ule waya.

"Baba! Chagua leo. Mpunga au mimi."

Mume wangu akafikiri. Naapa, yule mwanamume alisimama pale akafikiri!

"Nimekuuliza swali linalohitaji mahesabu?"

"Siyo hivyo, mama. Sasa nitaupeleka wapi? Bei..."

"Bei ikupande wewe! Dada yangu anakwenda kukatwa koo, na mimi sauti yake nimewapa panya wale na mpunga wako!"

Nililia hapo hapo, kwa sauti, bila aibu, majirani wakisikiliza juu ya ua. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko. Akauliza kuna nini. Mume wangu akasema hakuna kitu. Mimi, kwa kuwa maji yalikuwa yameshazidi unga, nikamweleza mama yote: rovu, kisu, sauti, mtandao, waya. Nikamweleza na blanketi.

Mama aliutazama mpera. Kisha akaniuliza, "Ile kamba?"

"Ndiyo, mama."

"Nami naianikia mablanketi. Na wewe unaniambia amina." Akaninyooshea mwiko. "Mwanangu, mnaniogopa nini? Mimi ni simba? Ungesema, mama, hiyo si kamba, ningefia hapo?"

Halafu akamgeukia mwanawe. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Toa mpunga wako humo." Na mpunga ule ambao dunia nzima haikuwa na mahali pa kuuweka, kabla ya adhuhuri ulikuwa umepata mahali. Mwingine chini ya kitanda chetu, mwingine sebuleni, gunia moja mbele kabisa ya televisheni. Ndiyo maana nasema, waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi hawakumaliza: na dawa ya mwana anayo mzazi.

Fundi nilimpigia. "Nipo hapa Mkula, mwalimu."

Nikasema leo nitamfuma. Nikaenda Mkula. Nilishuka barabarani pale penye wauza ndizi, nikamtaja kwa kibao chake, nikaonyeshwa kwa kidole. Alikuwa juu ya ngazi, anafunga spika za kanisa, jasho linamtoka. Kumbe siku zote alikuwa Mkula kweli! Nilikuwa nimempangia matusi njia nzima, yote yakaniishia mdomoni.

"Mwalimu, si nilikwambia nipo Mkula?"

"Shuka," nikasema.

Akaja siku hiyo hiyo. Akavuta waya mpya, na pale kwenye meno ya panya akapitisha bomba la chuma. Mama mkwe akaongeza ulinzi wake: alimleta paka kutoka kwa jirani, akamfungia humo, na yeye mwenyewe akaweka kiti mlangoni, akachambua mboga akimwangalia.

Magunia machache nilimwambia mume wangu asiyatoe, yale yaliyopangwa ukutani. Nilikuwa nimepiga kinanda nikasikia kitu. Chumba kile siku zote kilikuwa na mwangwi wa kisima, kila nota inarudi kukusalimia. Sasa nota ilitoka, ikakaa mahali pake. Mpunga ulikuwa unaumeza mwangwi wote. Mume wangu alitembea kifua mbele siku mbili nzima. Sijamwambia asante mpaka leo.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nikakaa. Taa za rauta huko sebuleni nilikuwa nimeshazikagua, zote kijani. Dada akatokea kwenye kioo, amevaa kitenge juu ya sweta, nyuma yake dirisha na mawingu.

"Unanisikia?"

"Mpaka unavyomeza mate."

"Mbona huko kumetulia hivyo? Umejenga studio?"

"Nimejenga. Ya magunia ya mpunga."

Akacheka, akashika shingo. Tukaanza na wimbo wa kanisa, ule ambao tumeuimba pamoja tangu Kipaimara. Nikampa kinanda, akaingia. Akachelewa. Nikamsubiri, akachelewa tena. Nikapunguza mwendo, akapunguza na yeye, tukaburuzana hadi wimbo ukawa wa msiba.

"Unachelewa!" nikamwambia.

"Wewe ndiye unachelewa! Mimi nakufuata wewe!"

"Mwalimu ni nani hapa?"

"Mwimbaji ni nani?"

Fundi alikuwa amepita kukagua kazi yake, anakula ubwabwa wa mama mkwe kibarazani. Nikamwita. Akapima, akagusa huku, akachungulia kule. "Waya mzima, mwalimu. Hauna tatizo lolote. Ni umbali tu. Sauti inakwenda na kurudi, na huko kwao ni mbali."

Basi. Mitaro, mabomba, paka, safari ya Mkula, yote ili nije kuambiwa kitaalamu kwamba ng'ambo ni mbali.

Nikamwambia dada. Niliogopa kumtazama. Hakuwa na Jumapili nyingine. Akapenga kamasi, halafu akasema kwa kukasirika, "Yaani ni kama kule shamba kwa mama. Unaita, unasubiri mpaka uzeeke." Na kwa kukasirika huko huko, akaita.

Aliita mwito wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutunga, kweleakwelea wanakuja kama wingu, na tulipokuwa watoto kazi yetu ilikuwa kuwafukuza kuanzia alfajiri. Mama alikaa kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, upande wa mto, sisi wawili kwenye dungu la upande wa barabara, shamba zima katikati. Mama anaita kwa wimbo. Wimbo unavuka mpunga. Unakufikia, unaujibu, jibu nalo linavuka. Ndege wakisikia binadamu pande zote mbili, hawatui. Kwa hiyo wimbo ule una shimo katikati, hakuna anayeimba hapo, na mwalimu wa muziki mimi, kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba hapo mnapumzika. Hapo hakuna kupumzika. Hapo ni shamba, sauti inapita.

Mwito wa dada ulinifikia. Nikajibu. Nikasubiri, sikuhesabu chochote, na jibu langu likaenda hadi kwenye baridi yake huko, naye akalichukua palepale linapotakiwa kuchukuliwa. Tukaenda hivyo. Nikasahau kinanda. Ile sauti ilikuwa inapanda, imechujika, haina mkwaruzo hata mmoja, na lile vimbe lote shingoni. Mama mkwe aliacha mboga. Mume wangu alikuja akasimama dirishani, kofia mkononi. Mimi nilikuwa naimba na machozi yananiingia mdomoni, na sikuona haja ya kuyafuta, maana dada naye alikuwa hivyo hivyo.

Tulipomaliza, akakohoa. "Umerekodi?"

"Nimerekodi."

"Basi weka. Usinitilie madoido yako ya kinanda."

Wiki iliyofuata wakampasua. Aliniandikia mwenyewe: ametoka salama, vimbe limetoka lote, daktari amemkataza kusema. Tukakaa majuma mengi tunaandikiana tu. Nyumbani tukatoa misa ya shukrani. Bei ya mpunga haikupanda.

Kisha siku moja mchana, niko chumba cha muziki napanga nyimbo za kwaya, ikaingia simu kwenye kompyuta. Namba ngeni, haina picha. Nikapokea. Mwanamume, tena mzee, sauti ya mtu aliyevuta tumbaku tangu ujana.

"Mdogo wangu, hujambo? Ni mimi. Nimebadilisha namba."

Lo! Hawa matapeli nawajua. Kila siku wanabadilisha namba, kila siku wanataka ile hela uitume huku. Nikamshukia. "Umebadilisha namba? Na mimi nimebadilisha akili! Mwanamume mzima huna haya, mashamba yamejaa bonde zima, nenda kalime!" Nikakata.

Akapiga tena. Hawakati tamaa, watu hawa.

"Usikate. Ni mimi, dada yako."

"Mshenzi mkubwa! Dada yangu mimi ni sauti ya kwanza! Dada yangu hakoromi kama kiboko!"

Sikukata. Nilikuwa natafuta tusi lingine, la kumalizia. Upande wa pili nikasikia mtu anavuta pumzi, polepole, kwa shida.

"Tusi la kiboko nilikufundisha mimi," akasema. "Tulipokuwa tunamtukana yule mwalimu wa hesabu."

Nikakaa kwenye gunia. Yeye akaendelea, kwa ile sauti ya mzee, anakwaruza, anameza mate, anarudia neno.

"Ndiyo leo wameniruhusu kuongea. Nikasema nianze na wewe." Akasafisha koo. "Mdogo wangu, nasikika vibaya sana, eh? Au ni mtandao?"

Nikaitazama kompyuta. Kila neno lake lilikuwa linafika zima. Nilisikia hadi saa ya ukutani kwake inavyogonga.

"Ni mtandao, dada," nikasema. "Huu waya umeanza tena. Kesho namwita fundi."